Nafasi ya Baba Ni Moja

Kibondo, Jumapili, baada ya ibada

Nestori, mwana wanje, mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia kuhusu soksi, kuhusu maji ya njiani, na kuhusu samaki, ile migebuka aliyoifunga kwenye gazeti, ambayo ukiifungua ndani ya basi abiria watakuchukia mpaka mwisho wa safari. Hayo mimi nayaruka. Nawe umekwenda Kasulu kumuaga shangazi yako, na najua atakulisha mpaka ushindwe kupanda gari la kurudi, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika taratibu. Naandika kwa mkono. Ningechapa ungesema tena kwamba natafuta herufi kama kuku anayetafuta punje mchangani. Ni kweli, lakini huyo kuku amekusomesha mpaka kidato cha nne, mheshimu kidogo.

Nataka uisikie habari hii nzima kutoka kwangu. Mpaka sasa umeipata vipande vipande: kimoja kwangu nikiwa nazungukazunguka, kimoja kwa mama yako akiwa na hasira, na kimoja kwa wenzako wa pale kijiweni waliokuambia kwamba baba yako amekufuta kwenye kompyuta. Hicho cha mwisho ndicho kilichoniuma zaidi, kwa sababu sikuweza kukikanusha chote.

Nilipopata kazi katika ile ofisi ya kutafuta ndugu waliopoteana, nilikwenda Muyama kumpa habari marehemu bibi yako. Nikamwambia, mama, nimepata kazi ya data. Akaacha kupepeta maharage, akanitazama.

"Kazi ya data? Data wa nani?"

Maana kwetu, kama ujuavyo, data ni baba. Nikamwambia ni taarifa za watu, mama, zinawekwa kwenye mashine.

"Basi sema taarifa. Ubaba hauna mshahara."

Ulikuwa mdogo, ulicheka kwa sababu sote tulicheka. Mimi neno hilo nililibeba mpaka ofisini nikawasimulia wenzangu kama kichekesho, na kwa miaka mingi kilikuwa kichekesho tu.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana hukuwahi kuniuliza na mimi sikuwahi kukulaumu. Zamani taarifa za watu tuliziweka kwa safu, kama maduka ya Kibondo mjini, kila mtu na mlango wake. Halafu wakaleta mfumo mwingine. Huu mpya kila mtu ni fundo, kama fundo la kamba, na kwenye fundo unaning'iniza vitu vyake: jina, alikozaliwa, yuko wapi sasa. Kutoka fundo hadi fundo kunakwenda mishale. Huyu ni mama wa yule. Huyu anaishi na yule. Huyu alibebwa na yule siku ya kuvuka mpaka. Ukiutazama kwenye kioo unafanana na wavu uliotupwa sakafuni, na nguvu yake yote iko kwenye mishale. Fundo bila mshale ni jina tu. Hata ukilijua hujui umpeleke wapi.

Kusoma wavu huo nilijifunza upesi. Kuubadilisha ndiko kulikoniaibisha. Ukitaka kubadilisha kitu kwa mtu, kwanza unauambia mfumo umtafute, kisha unauambia ubadilishe nini. Siku moja nikasahau ile sehemu ya kwanza. Nilitaka kuandika kwamba mama mmoja amehamia Kibondo, sikusema mama gani, nikabonyeza. Kambi nzima ya wakimbizi ikahamia Kibondo. Wazee, watoto, hata watu waliokwisha kufariki, wote wakawa wakazi wa mji huu kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, mpaka Bi Rehema, mkuu wetu wa kanzidata, akarudisha nakala ya jana yake. Kuna amri nyingine inayosema: mlete kama yupo, na kama hayupo mtengeneze. Nzuri sana, isipokuwa ukikosea herufi moja ya jina mfumo haumkuti mtu, basi unamtengeneza mpya. Mimi na kidole changu kimoja tuliumba watu. Bi Rehema akaniambia, "Mzee Ezekieli, Mungu alipumzika siku ya saba. Wewe unapumzika lini?"

Huyu Bi Rehema unamjua, yule mama wa Tanga mwenye duka la vitambaa Kasulu na mumewe. Usimchukie. Nakuomba hilo mapema kabla hatujafika kwake.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu Gervasi, aliyekuzaa.

Babu yako alivuka kutoka Burundi akiwa na sisi wawili, tukakaa Munanila, tukalima, tukawa watu wa hapa. Gervasi alipokuwa kijana akampenda msichana wa ng'ambo akarudi huko kumfuata, kabla serikali haijatupa uraia. Ndiyo maana mimi nina karatasi na yeye hana. Huko ndiko ulikozaliwa. Machafuko yalipokuja mama yako mzazi akafariki njiani, Gervasi akapotea, na jirani yao akakuvusha mgongoni akakuleta kwangu, kwa sababu alijua jina langu na jina la kijiji. Hayo unayajua. Usichokijua ni jinsi ulivyoandikwa.

Walikuja waandikishaji, ulikuwa umeanza tu kusema. Nilikupakata. Yule mwandishi, kijana wa Kiha kabisa, akakuuliza wewe, hakuniuliza mimi: "Huyu ni nani?" Ukanishika kidevu ukasema, "Data." Akaandika baba.

Hukusema uongo. Ndugu wa baba, kwetu, ni baba. Mtoto hana neno jingine la kumwitia. Yule kijana naye hakukosea, kwao wanasema hivyo hivyo. Mimi sikumsahihisha, si kwa ujanja. Hata haikunijia kwamba kulikuwa na kitu cha kusahihisha. Tulikuwa watatu pale mezani na kila mmoja alikuwa anasema kweli.

Kwa hiyo kwenye wavu ukawa na mshale wa baba unaokuja kwangu, na kwa mshale huo vikapita vingine vyote. Mimi raia, basi wewe raia. Mimi mkazi wa Kibondo, basi wewe mkazi. Shule, kliniki, ombi la kitambulisho, nafasi yako ya chuo cha ualimu. Hakuna mtu aliyekuandikia hayo moja moja. Mfumo ulikuwa unaufuata mshale mpaka kwangu na kusoma kilichokuwa kwangu. Hilo nilifundishwa darasani, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata alama nzuri.

Halafu yakaja maombi kutoka ng'ambo, rundo lake, ya watu wanaotafuta watoto. Kazi yangu ilikuwa kuyaoanisha na mafundo yetu. Nikafungua moja nikakuta jina la mdogo wangu. Gervasi, mwana wa baba yangu, wa kilima chetu, anamtafuta mtoto wake wa kiume. Jina la mama ni lile. Kovu la moto kwenye mguu wa kushoto ni lile, ambalo mama yako wa hapa amelipaka mafuta ya ng'ombe miaka yote hii.

Nilipiga kelele, Nestori. Watu wakadhani nimeumwa na nge. Bi Rehema akaja, nikamwonyesha, akakaa kwenye kiti cha mteja akafuta macho. Tulikuwa tumetafuta ndugu za watu wote isipokuwa zangu.

Nikamwambia nataka kuongeza mshale. Gervasi, baba wa Nestori. Akasema ongeza.

"Na mimi?"

"Wewe ni ami yake."

"Kwetu ni baba."

"Kwenu, mzee. Mfumo hauna kwenu."

"Hata ninyi wa pwani mnasema baba mkubwa."

"Hilo 'mkubwa' ndilo linalokutoa. Nafasi ya baba ni moja. Kuna baba, mama, mlezi, ndugu, mwingine."

"Mlezi basi."

"Mlezi anatakiwa barua ya mahakama. Unayo?"

Sikuwa nayo. Nani alikwenda mahakamani kuomba kumlea mtoto wa mdogo wake? "Na ndugu?"

"Ndugu ni wa tumbo moja. Weka 'mwingine' kwa sasa, tutarekebisha."

Tulicheka. Nakuapia tulicheka. Nikasema haya, leo nimekuwa mwingine, nikirudi nyumbani mke wangu asinifungulie. Nikamtafuta Gervasi, nikakutafuta wewe, safari hii kwa uangalifu wote, majina, namba, kila kitu, nikaandika baba, nikabonyeza. Mfumo haukuuliza. Kwa kuwa nafasi ni moja, mshale mpya ulipoingia ule wa zamani ukatoka. Nilikuwa na nia ya kuongeza, kumbe nimebadilisha. Hakukuwa na kelele wala taa nyekundu. Fundo lako lilikuwa pale pale na langu pale pale, na katikati yetu palikuwa na kile kimshale cha mwingine ambacho mfumo hausomi chochote kupitia kwake.

Sikulitambua siku hiyo. Siku hiyo nilinunua kilo ya nyama.

Nililitambua ombi lako la kitambulisho liliporudi limekataliwa, kisha chuo kilipoandika kwamba jina lako haliko tena. Mfumo uliufuata mshale kama kawaida yake, ukafika kwa Gervasi, ukasoma kilichokuwa kwake: si raia, amekwisha kurejea kwao. Basi nawe ukawa mtoto wa mkimbizi aliyerejea, unayetakiwa kuunganishwa na baba yako. Ukaingia kwenye orodha ya mabasi ya kurudisha wakimbizi Burundi.

Nilikimbia kwa Bi Rehema. Hakubisha, alinipa kiti chake. Tukajaribu kurudisha nakala ya zamani, kama alivyofanya siku ile nilipohamisha kambi, lakini nakala hazikai muda wote huo. Hali ya zamani imekwisha kufunikwa na mpya, na wavu haukumbuki ulivyokuwa. Tukajaribu kuandika upya. Kwa mtu aliyekwisha kuoanishwa, kubadilisha baba kunahitaji kibali cha juu. Nikapanda huko juu. Nilisubiri kwenye benchi na watu niliozoea kuwasubirisha mimi. Yule mkubwa alinisikiliza vizuri tu, hana ubaya. Akafungua, akatazama.

"Huyu Gervasi ndiye aliyemzaa?"

"Ndiye."

"Wewe ndiye uliyeandika hivyo?"

"Ni mimi."

"Mzee wangu, umeandika kweli. Sasa unaniomba nikusaidie kuandika uongo?"

Nikamweleza habari ya data. Nilimweleza vibaya, kwa haraka, nikachanganya Kiha na Kiswahili, jasho linanitoka. Akatabasamu, akasema ni lugha nzuri. Kisha akaita mtu anayefuata.

Mahakamani nako nilikwenda. Wanasema ukishatimiza miaka ya utu uzima hulelewi tena, na wewe umeitimiza. Bi Rehema amepiga simu kila anakokujua. Mchungaji ameandika. Nakuambia haya si ili unisifu. Ni ili usije ukakaa huko usiku ukijiuliza kama kuna mlango ambao hatukuugonga. Hakuna. Nimelala chali nikiitafuta amri moja iliyobaki, mimi niliyeumba watu kwa bahati mbaya, na sijaipata.

Kuna jambo lingine, na hili hata mama yako halijui. Nimezungumza na Gervasi kwa simu.

Nilidhani atalia. Mimi nilikuwa nimeandaa leso. Badala yake akasema, "Kaka, lile ombi niliandika zamani."

Nikamwambia zamani au sasa, mtoto ni huyu, amepatikana, mrefu kama baba yetu.

"Niliandika nikiwa na nyumba."

Ana mke mwingine sasa, na watoto, na shamba ambalo anasema ukilala katikati miguu inaingia kwa jirani. Ameugua. Aliandika akiwa na matumaini, karatasi ikatembea polepole ofisi hadi ofisi, na matumaini yakaisha kabla haijafika kwangu. Hakuna aliyemuuliza tena. Mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza kwanza, Nestori, kabla ya kubonyeza, hata kama ofisi haikunitaka, kama kaka yake tu. Nilifurahi mno hata sikumuuliza mtu kama bado anakitaka alichokiomba.

Akaniuliza kama unajua kulima. Nikasema unajua, nikadanganya kidogo, maana majembe yako tunayajua. Akauliza kama unasema Kirundi. Nikasema unasema cha kwetu, ataelewa. Akasema, "Aje. Nitafanyaje? Aje."

Ndivyo alivyosema. Sikuongeza neno wala sikupunguza, ingawa nilishawishika. Nimekusimulia Gervasi miaka yote: kijana aliyeruka mto kwa furaha ya kumwona msichana, aliyepiga nyuzi za inanga mpaka mbuzi wakaja karibu. Huyo usimtafute huko. Utakuta mtu mwingine mwenye sauti yake. Ukimwona hana la kukuambia usidhani ni wewe uliyemkosea. Kaa naye. Mpe migebuka, aliipenda sana. Na ukimwona anakutazama mguu, ni kovu analitafuta. Mwonyeshe, usimfanye aombe.

Huko usijaribu kuwa na deni la shukrani kwangu, nitaona aibu. Najua vijana wanasema "mzee alinilea" kama wanaosoma risala ya kuaga mwalimu mkuu. Mimi ulinipa kazi nyepesi. Ulikuwa mtoto anayelala popote, anayekula chochote, na ulinicheka bila kunidharau, kitu ambacho hata wakuu wangu wa kazi hawakuweza. Siku niliporudi na cheti cha mafunzo ulikibandika mlangoni pa choo ukasema hapo ndipo kila mtu atakisoma vizuri. Bado kipo. Mama yako amekataa kukitoa, na tangu majuzi amekataa pia kuzungumza nami zaidi ya mambo ya chumvi na kuni. Ana haki. Aliniambia mara moja tu, "Ulikuwa na mtoto, ukaenda kumpatia baba."

Nimebakiza neno moja ambalo si soksi wala maji, na nataka ulishike kuliko yote niliyoandika hapo juu.

Kesho basi litasimama kituo cha mpito kabla ya mpaka. Mtaitwa mmoja mmoja mezani. Watasoma jina lako, watakuuliza jina la baba, utasema Gervasi. Kisha watakuuliza swali jingine: una ndugu yeyote anayebaki upande huu?

Nalijua swali hilo. Mimi mwenyewe nimelisoma kwa watu wengi, nikiwa upande wa pili wa meza ile ile. Anayesema ndiyo anawekwa pembeni ahakikiwe, kwa sababu fundo lake bado limeshikwa huku. Anangoja kwenye hema. Karatasi yake inakwenda juu na kurudi, inakwenda tena. Nimewaona waliosema ndiyo kwa upendo tu, kwa kumtaja shangazi, wakabaki pale msimu hadi msimu, hawako huku wala kule, mpaka hata yule shangazi akaacha kuja na chakula. Hawakurudishwa nyumbani hata mmoja wao. Wanangoja tu, kisha wanapelekwa ng'ambo hivyo hivyo, wakiwa wamekonda. Na Gervasi ni mgonjwa. Ukingojeshwa hapo, huenda utafika ukute sina mdogo na wewe huna baba kwa upande wowote.

Kwa hiyo wakikuuliza, sema huna.

Liseme hapo hapo, bila kufikiri, kama mtu anayesema jina lake. Usiseme "nilikuwa naye," wala usiseme "kuna mzee mmoja." Nakufahamu, una tabia ya kusita unapodanganya na kukuna sikio, usikune sikio. Nitakuwa nimesimama nje ya uzio na mama yako, amekubali kuja, na kutoka pale tunasikia kila kinachosemwa mezani. Ukisema huna, mama yako huenda akalia, ila mimi nimemweleza. Usigeuke kututazama. Chukua karatasi yako, panda.

Mimi,
Ezekieli